Ndala ikivuka mguuni: mwongozo wa kuishi na MS

Kabla hatujalijua jina la ugonjwa huu nyumbani kwetu, tuliujua kwa ndala. Mdogo wangu alikuwa akitoka bombani kwenda barazani, ndala ya mguu wa kushoto inabaki njiani, naye anaendelea bila habari kwamba yuko peku upande mmoja. Tulimcheka. Miezi minane baadaye jicho moja likaingia ukungu, tukampeleka kwa daktari wa macho. Mwaka uliofuata miguu ikawa mizito, tukampeleka kwa wa mifupa. Kila daktari alitibu kipande alichoonyeshwa. Hakuna aliyepewa habari nzima, kwa sababu sisi wenyewe hatukuwa tumeandika popote kwamba ndala, jicho na miguu ni mambo ya mtu mmoja.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na daftari. Ni wa mgonjwa na wa anaoishi nao, na aliyeuandika ni mtu wa nyumbani, si daktari. Dozi na kubadili dawa ni mazungumzo yenu na daktari wenu.

Kwanza, ugonjwa wenyewe

MS ni kifupi cha multipo sklerosisi, maana yake makovu mengi. Daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot ndiye aliyeueleza kwa mpangilio mwaka 1868, akiwa hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, baada ya kuoanisha dalili za wagonjwa wake na mabaka magumu yaliyoonekana kwenye ubongo na uti wa mgongo wao walipofariki.

Mishipa ya fahamu imevikwa utando wa mafuta uitwao mayelini, kama waya wa umeme ulivyovikwa plastiki. Katika MS, kinga ya mwili inaugeukia utando huo na kuuchubua. Umewahi kuona nyumba ambayo panya wametafuna waya darini? Taa ya chumbani inapepesa, ya sebuleni inawaka vizuri, ya jikoni imezima kabisa. Hivyo hivyo hapa: dalili inategemea waya gani umetafunwa. Ukiwa wa jicho, ukungu na maumivu ukizungusha mboni, na rangi nyekundu inaonekana imepauka. Ukiwa wa uti wa mgongo, ganzi, miguu mizito, mkojo usiosubiri. Wengine wakiinamisha kichwa wanasikia kitu kama shoti ya umeme ikishuka mgongoni.

Wengi huanza kuumwa kati ya miaka 20 na 40, na wanawake ni zaidi ya mara mbili ya wanaume. Hauambukizi. Si laana wala jini. Kinachouanzisha ni mambo kadhaa kukutana: urithi kidogo, sigara, upungufu wa vitamini D, na kirusi cha Epstein-Barr ambacho karibu kila mtu mzima anacho. Utafiti wa wanajeshi wa Marekani uliotolewa Januari 2022 ulionyesha kwamba walioambukizwa kirusi hicho hatari yao ya kupata MS iliongezeka mara 32 hivi. Kwa kuwa kirusi kimeenea kote na MS ni ya wachache, basi kirusi peke yake hakitoshi. Na kama mgonjwa ana watoto na usingizi haumjii kwa kuwawazia: zaidi ya watoto 95 kati ya 100 wa mzazi mwenye MS hawaupati.

Hatua ya 1: Nunua daftari

La kurasa 96 linatosha. Kila dalili iandikwe tarehe ilipoanza, upande gani wa mwili, ilidumu siku ngapi, na iliisha yenyewe au kwa dawa. Rudi nyuma pia. Kaeni na mama, na shangazi, mkumbushane. "Ile mara uliyoangusha vikombe wakati wa Maulidi" ni tarehe nzuri kabisa, daktari ataifanyia hesabu.

Ushahidi anaoutafuta daktari ni wa aina mbili: kwamba mfumo wa fahamu umeumia sehemu zaidi ya moja, na kwamba umeumia zaidi ya mara moja. Picha itamwonyesha mahali. Nyakati, mara nyingi, zimo kwenye daftari lako.

Hatua ya 2: Mtafute daktari anayehusika, na uliza kuhusu magonjwa yanayofanana nao

Unayemhitaji ni daktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu. Katika nchi zetu ni wachache na wamejaa miji mikubwa: Dar es Salaam, Moshi, Nairobi, Mombasa. Ukiwa mbali, omba rufaa ya maandishi na usisafiri bila daftari, picha za zamani na majibu ya maabara.

Kipimo kikuu ni MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, ya ubongo na ya uti wa mgongo. Si CT, ile ya eksirei ya kompyuta; CT huweza kutoka safi huku mgonjwa ana MS. Ni kipimo cha bei, kwa hiyo kabla ya kulipa uliza kama bima itachangia na kama kibali kinahitajika mapema. Wakati mwingine watachukua maji ya uti wa mgongo kwa sindano kiunoni. Watu wetu wanaogopa sindano hiyo kwa madai kwamba inapoozesha. Inaweza kuleta kichwa kuuma siku chache. Kupooza ni uzushi wa foleni ya wagonjwa.

Hapa msikimbilie jina. Kwetu kuna magonjwa kadhaa yanayojifanya MS: kifua kikuu cha uti wa mgongo, kichocho kilichofika uti wa mgongo, kaswende ya zamani, VVU, upungufu wa vitamini B12. Yote hayo yana matibabu tofauti, na mengine yanapona kabisa. Kuna pia ndugu yake wa karibu, NMO, anayeshambulia macho na uti wa mgongo kwa ukali zaidi. Anajulikana kwa kipimo cha damu cha kingamwili inayoshambulia protini iitwayo akwaporini-4. Uliza swali hili kwa heshima lakini uliulize: "Daktari, NMO tumeiondoa?" Baadhi ya dawa zinazomsaidia mwenye MS humzidishia mwenye NMO.

Hatua ya 3: Jua ni aina gani, kisha zungumza dawa na pesa siku hiyo hiyo

Wagonjwa wapatao 85 kati ya 100 huanza na MS ya kuja na kuondoka: shambulio, nafuu, kimya, shambulio tena. Waliobaki huanza na ile inayosonga polepole bila mapumziko. Ya kwanza nayo inaweza, baada ya miaka, kugeuka ya kusonga.

Dawa ya kuung'oa haijapatikana. Zipo za kupunguza mashambulio na kuchelewesha ulemavu, na zikianza mapema ni bora, hata kama mgonjwa anajisikia vizuri. Hapo ndipo familia nyingi huteleza: nafuu ikija, dawa inaonekana anasa.

Bei ni suala zito, na daktari asipolianzisha lianzishe wewe. Julai 2023 Shirika la Afya Duniani liliweka dawa za MS kwa mara ya kwanza kwenye orodha yake ya dawa muhimu: kladribini, glatirama na rituksimabu. Ya tatu ina faida ya pekee kwetu, maana hutumika pia kwa baadhi ya saratani, hivyo hospitali inayotibu saratani inaweza kuwa nayo, na kuna matoleo yake ya bei nafuu. Huingizwa kwa dripu, kwa kawaida kila baada ya miezi kadhaa.

Kabla ya dawa inayopunguza kinga, hakikisha umepimwa kifua kikuu kilichojificha, homa ya ini ya B na VVU. Chanjo pia zipangwe mapema, hasa ile ya homa ya manjano. Hiyo ni chanjo hai, yaani yenye kirusi hai kilichodhoofishwa, na haichomwi kiholela mtu akishaanza dawa hizo. Kama kuna safari inayodai cheti cha manjano, mwambie daktari kabla ya kuanza.

Mwanamke anayetaka kuzaa anaweza kuzaa. Mashambulio hupungua mimba inapokua, hasa miezi mitatu ya mwisho, kisha huongezeka miezi mitatu ya kwanza baada ya kujifungua. Kwa hiyo msaada wa kulea upangwe kabla mtoto hajafika. Baadhi ya dawa lazima ziachwe kabla ya kushika mimba. Mwambie daktari mipango yako, si matokeo.

Neno moja kuhusu wauza virutubisho vya "kupandisha kinga". Mwenye MS hana upungufu wa kinga. Kinga yake ina nguvu za kutosha, ila imepotea njia. Ukisikia chupa inasifiwa kwa kuchochea kinga, hiyo si ya nyumba yako.

Hatua ya 4: Tofautisha shambulio na joto

Shambulio la kweli ni dalili mpya, au ya zamani iliyozidi, inayodumu zaidi ya saa 24 bila homa wala maambukizi. Jambo hili liandikwe kwenye jalada la daftari.

Kwa nini? Kwa sababu joto la mwili likipanda hata nusu digrii, waya uliochubuka hushindwa kupitisha ujumbe, na dalili zote za zamani hurudi kwa kishindo. Daktari Mjerumani Wilhelm Uhthoff aliliona hili mwaka 1890 kwa wagonjwa ambao macho yao yalififia baada ya mazoezi. Mwili ukipoa, mambo yanarudi yalivyokuwa, na hakuna kipya kilichoharibika. Basi miguu ikigoma ghafla, pima homa, pima malaria, pima mkojo. UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, ndiyo mchokozi mkubwa kuliko wote, na mara nyingine haiwashi wala haiumi.

Likiwa shambulio kweli na linamzuia mtu kuona au kutembea, hospitali hutoa methilipredinisoloni ya nguvu kwa siku tatu hadi tano. Inaharakisha nafuu. Msinunue predinisoloni duka la dawa mkajigawia wenyewe kila ganzi inapokuja. Dawa hiyo ikitumiwa ovyo inapandisha sukari, inakondesha mifupa na inafungua mlango kwa maambukizi.

Hatua ya 5: Ipange nyumba

Hapa ndipo maisha yalipo, na hapa ndipo tulipojifunza mengi kwa kukosea.

Joto kwanza. Kwa sisi wa pwani, Januari na Februari ni vita. Lowesha kanga, ikamue, ijizungushie shingoni na mabegani, kaa mbele ya feni. Gandisha maji kwenye chupa ndogo mbili usiku. Moja ya kunywa, nyingine ya kushika mikononi umeme ukikatika. Shughuli zote za jua zifanyike kabla ya saa nne asubuhi. Kuoga ni maji ya uvuguvugu au ya baridi, hata kama bibi anasisitiza maji ya moto kwa ajili ya viungo.

Kisha uchovu. Huu si ule wa kulala ukaamka umepona. Mdogo wangu anaufananisha na bando la intaneti: asubuhi unapewa kiasi, na ukilimaliza kwa kufua, mchana hata sauti ya kuongea huna. Basi huwa tunaandika usiku mambo matatu ya kesho, na la tatu tunalifuta. Kufua siku moja, soko siku nyingine. Kulala nusu saa baada ya adhuhuri si uvivu, na mume, mkwe na majirani waambiwe hivyo waziwazi mara moja, ili isirudiwe kila wiki.

Jikoni, tatizo letu ni kwamba kila kitu kipo chini. Mbuzi ya nazi inakukalisha vizuri, lakini kunyanyuka hapo ndiyo kazi; nunua nazi iliyokunwa sokoni. Jiko la mkaa lipandishwe juu ya tofali au meza ya saruji, upikie umekaa kwenye kiti cha mgongo. Mkono wenye ganzi hauhisi moto. Maji ya kuogesha mtoto yapimwe kwa kiwiko cha upande mzima, na sufuria isiyo na mishikio ipewe mtu mwingine.

Chooni. Choo cha kuchuchumaa kinamtesa mwenye miguu mikakamavu kuliko kitu chochote, na watu wanaona haya kulisema. Chukua kiti cha plastiki imara, mpe fundi akate tundu la duara kwenye kalio na alisawazishe kingo, kiweke juu ya shimo. Aongeze bomba la chuma ukutani, urefu wa kiuno, lililochimbiwa kwa saruji. Bomba la kutundikia taulo halimbebi mtu. Tulijifunza hilo kwa goti lililochubuka.

Ndala ziondoke. Kiatu chenye mkanda wa nyuma ndicho cha mtu huyu. Mikeka na zulia zenye ncha zilizojikunja zitandikwe mahali pengine, na tochi ilale karibu na mto.

Mkojo. Kosa la kawaida ni kuacha kunywa maji ili usibanwe kwenye daladala. Mkojo mzito unaleta UTI, na UTI tumeshaisema. Kunywa kama kawaida, punguza chai ya rangi na kahawa kabla ya safari, nenda chooni kwa saa, kila saa mbili au tatu, hata kama hujabanwa. Ukihisi kibofu hakiishi, usivumilie: daktari anaweza kupima mkojo unaobaki, na nesi akakufundisha kujiingizia mpira wa mkojo mwembamba na kuutoa mwenyewe. Kwa mtu anayesafiri au kukaa kanisani au msikitini muda mrefu, pampasi ya watu wazima ndani ya nguo haina aibu, ni afadhali kuliko kubaki ndani mwaka mzima.

Ramadhani, mwenye MS azungumze na daktari wake na shekhe wake kabla mwezi haujaandama. Kiu, joto na ratiba ya dawa vikikutana vinaweza kumwangusha, na mgonjwa ana ruhusa yake.

Hatua ya 6: Mwili usigande

Zamani madaktari waliwaambia wagonjwa wa MS wapumzike tu. Siku hizi mazoezi ni sehemu ya tiba. Mtaalamu wa fiziotherapia akuonyeshe ya kunyoosha misuli ya paja, ya nyuma ya goti na kisigino. Mara mbili kwa siku, ya kwanza asubuhi ukiwa kitandani. Dawa ya baklofeni husaidia misuli inayokakamaa, ila ikizidi miguu inakuwa laini kama uji, na haiachwi ghafla.

Fimbo ichukuliwe mapema. Wengi wanaikataa mpaka waanguke. Kuna jambo moja zaidi ambalo fimbo hufanya: mtu anayepepesuka bila fimbo huitwa mlevi, na kondakta hamsubiri. Akiwa na fimbo, anapishwa kiti.

Aliyefika kwenye kitimwendo ageuzwe kila saa mbili akiwa kitandani, na ngozi ya makalio na visigino ikaguliwe kila siku. Kitimwendo kiwe cha kipimo chake. Kenya, APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, hutengeneza viti vinavyofaa barabara zetu. Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT inahudumu kwenye utengamao, yaani kumrudishia mtu uwezo wa kufanya shughuli zake.

Hatua ya 7: Kichwa na moyo

MS inagusa kumbukumbu na umakini. Kusahau sufuria jikoni si uzembe. Weka kengele ya simu. Sonona nayo huwapata wenye MS kuliko watu wengine, kwa sababu ya hali yenyewe na pia kwa sababu ubongo umeguswa. Mtu akianza kusema "nawachosheni tu", apelekwe hospitali wiki hiyo hiyo, na asiachwe peke yake. Mambo ya ndoa chumbani yana tiba pia, kwa mke na kwa mume, lakini daktari hataotea. Lazima mtu aseme.

Hatua ya 8: Dai unachostahili

Tanzania, mfanyakazi ana siku 126 za likizo ya ugonjwa ndani ya kila miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Ziandike kwenye daftari zinapotumika. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi awe na asilimia 3 wenye ulemavu. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 kati ya hizo ni za watu wenye ulemavu. Pa kuanzia ni kwa afisa maendeleo wa kata na afisa ustawi wa jamii. Nenda na barua ya daktari inayosema unachoshindwa kufanya, siyo jina la ugonjwa tu. Karani hajui MS. Anajua "hawezi kutembea mita 100".

Kenya, bima ya taifa ilihamia SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii) Oktoba 2024, hakikisha umesajiliwa. Ukitathminiwa ulemavu hospitali ya serikali, unaweza kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na mwenye kadi anaweza kuomba KRA, mamlaka ya kodi, msamaha wa kodi kwa shilingi 150,000 za kwanza za mapato ya mwezi. Nenda kutathminiwa na daftari, na usijikaze siku hiyo. Tabia yetu ya kusema "sijambo" kwa kila anayeuliza imewanyima wengi kadi.

Ndugu walioko Uingereza: Sheria ya Usawa ya 2010 inaihesabu MS kuwa ulemavu tangu siku ya kugunduliwa, hata kama unatembea vizuri. Mwajiri anawajibika kukurekebishia kazi. Mwenye leseni ya udereva lazima aiarifu DVLA, ofisi inayotoa leseni hizo. Ipo posho ya serikali kwa wenye ulemavu iitwayo PIP, yenye sehemu ya maisha ya kila siku na sehemu ya kutembea, lakini kama viza yako imeandikwa kwamba huna haki ya fedha za umma, pata ushauri kabla ya kuiomba.

Hatua ya 9: Karatasi ya pochi

Ukurasa wa mwisho wa daftari uchanwe, ukunjwe, ukae kwenye pochi. Juu yake: jina, ugonjwa, dawa na dozi, dawa zinazokudhuru, simu ya ndugu mmoja anayepokea usiku, na mstari huu kwa herufi kubwa: SIJALEWA, NINA MS, NIPELEKENI KIVULINI MNIPE MAJI. Mdogo wangu aliutumia mara moja stendi ya daladala, Februari, saa saba mchana. Muuza machungwa aliusoma kwa sauti, akamwachia kiti chake na mwamvuli.